Neno Alilofundishwa Laobani

Nawaandikia kina mama wenye vijana ambao hukaa kimya watu wengine wakicheka. Msisubiri kama nilivyosubiri mimi. Mimi ni Chausiku, Mama Haroun, muuza viatu wa Darajani, Unguja. Mwaka tisini na nane nilikuwa Guangzhou, Uchina, kufuata mzigo. Shule niliishia darasa la saba, lakini niliyoyaona kule soko la viatu la Zhanxi hayahitaji mtu wa kunisomea.

Kule tulikwenda kwa kundi. Hakuna aliyeweza kujaza kontena peke yake, basi tunachangia: mimi viatu, Bi Kazija wa Tanga vitambaa, Dullah wa Kariakoo chochote kinachouzika. Dullah ndiye aliyekuwa mkubwa wetu. Si kwa umri, kwa mdomo. Mkalimani wetu alikuwa Haroun, mwanangu, aliyepata ufadhili wa kusoma uhandisi huko huko. Kichina anakisema mpaka Wachina wenyewe wanageuka kumtazama. Siku asizokuwa na masomo anatufuata sokoni na kutusemea, hataki kitu.

Ni kijana mpole. Anapiga pasi shati lake, anaongea taratibu, hapigi kelele sokoni. Hana mchumba wala sijamsikia akitaja msichana. Basi. Makosa yake ni hayo.

Laobani Chen alikuwa na duka la kandambili na raba pale Zhanxi. Laobani ni bosi, ndivyo tunavyowaita wenye maduka wote. Huyu alikuwa mchangamfu na Kiswahili cha sokoni anacho: "rafiki", "bei nzuri", "hapana punguza". Tuliomfundisha ni sisi. Ndiyo mchezo wa watu wetu, mzigo ukiwa unafungwa wanamfundisha muuzaji maneno, na ya upuuzi ndiyo yanayofundishwa kwanza.

Siku moja Dullah alikuwa anavutana naye bei. Chen akamgeukia mfanyakazi wake, akasema kitu, wakacheka. Ndani ya kile kitu nikasikia: *heigui*. Shetani mweusi. Neno hilo tulilijua sote kabla hatujajua kuomba maji.

Dullah akabwaga raba chini. "Haroun! Kasema nini huyu?"

"Si umesikia, kaka."

"Mwambie arudie! Mwambie arudie mbele yangu!"

Chen akainua mikono, anacheka kwa wasiwasi. Haroun akatafsiri: "Anasema ni utani tu. Anasema hapa kila mtu husema hivyo, hana ubaya."

"Utani?" Dullah mishipa imemsimama. "Mwambie utani ni watu wawili wacheke. Akicheka mmoja peke yake, hayo ni matusi. Mwambie hivyo hivyo, usimlainishie!"

Haroun akasimama mbele ya yule mtu mzima, duka limejaa watu, akamwambia hivyo hivyo. Sauti haikutetemeka. Nikajisikia fahari, mama mie.

Tukatoka wote. Habari ikafika Xiaobei, mtaa tunaokaa Waafrika, kabla yetu. Pale jengo la Tianxiu Wakongo waliposikia wakasema nao hawanunui tena kwa Chen, na watu wa Mali vilevile. Duka likabaki na nzi. Haikupita wiki Chen akatuma mtu, anataka suluhu. Dullah akatoa sharti: alitutukana mbele ya watu, aombe radhi mbele ya watu, dukani mwake, mlango wazi. Nikaunga mkono kwa moyo wote. Hata leo naona lilikuwa sharti la haki.

Ijumaa yake, baada ya swala, tukala pamoja chumbani kwa Bi Kazija hotelini. Tulipika pilau kwa jiko la umeme, chini ya mlango tumeziba kwa taulo maana hoteli hairuhusu. Sinia moja, sote tumelizunguka. Haroun akaingia, akanawa mikono.

"Haya sogeeni, sogeeni, bibi harusi kafika!" Dullah huyo. "Kaa upande wa kina mama, Haroun, utajisikia nyumbani."

Watu wakacheka.

"Msimchezee hanithi wetu," Dullah akaendelea, mdomo umejaa wali. "Keshokutwa nani atatusemea kwa Chen?"

Wakacheka mpaka mmoja akapaliwa. Nikasema, "Dullah, chunga ulimi wako. Huyo ni mwanangu."

"Aa, Bi Chausiku, utani tu! Sote tunamwita hivyo siku zote, hana ubaya. Si keshazoea?"

Nikabaki na tonge mkononi. Yale maneno nilikuwa nimeyasikia wiki ile ile kwa Kichina, na mwanangu ndiye aliyeyatafsiri.

Haroun akamega kidogo, akala, akasema ana mtihani, akaondoka. Nikamfuata mpaka kwenye lifti.

"Ni zamani wanakuita hivyo?"

"Tangu nianze kuwasemea."

"Na mimi mbona sijui?"

"Walikuwa wanakustahi, mama." Akabonyeza kitufe cha lifti mara ya pili, ingawa kilikuwa kinawaka. "Nikimaliza shule sirudi Unguja. Kuna kazi Harbin, kaskazini huko kwenye barafu. Huku wakinitukana Wachina, angalau nyinyi mnapiga kelele. Nyumbani nani atapiga?"

Akaingia, lifti ikajifunga. Nikarudi chumbani. Bi Kazija akanivuta pembeni, akaninong'oneza kwa huruma: "Muoze, mwenzangu. Ukimuoza maneno yatakwisha."

"Na Dullah tumuoze nani," nikamwambia, "ili Chen aache kumwita shetani?"

Akaniona nimechanganyikiwa.

Siku ya suluhu ikafika. Chen alikuwa amepanga viti, chai na machungwa. Mlango wazi, wapita njia wanachungulia. Akainama mbele ya Dullah, akasema maneno yake, Haroun akatafsiri: "Nilisema neno baya. Nilidhani ni la kuchekesha kwa sababu wenzangu walicheka. Naomba mnisamehe."

Dullah akapokea kama sultani. Nasema kweli, wengine machozi yalitutoka. Kuombwa radhi si jambo dogo.

Chen akafurahi yamekwisha. Akataka kutuonyesha mapenzi zaidi. Akachukua kikombe, akakishika kwa mikono miwili kama wanavyomheshimu mtu, akampa mwanangu, akasema kwa Kiswahili, wazi kabisa, uso wote tabasamu:

"Karibu, Hanithi! Asante, Hanithi!"

Wenzetu walicheka jamani. Dullah alishikilia rafu viatu vikaanguka. Chen naye akacheka kwa kuwa wageni wanacheka. Kisha akamtazama Haroun, kicheko kikamkatika. Akauliza kitu polepole. Haroun akajibu kwa sauti ya chini, macho kwenye chai. Yule mtu akawa mwekundu mpaka masikioni. Akaweka birika chini, akamwinamia mwanangu, chini kuliko alivyomwinamia Dullah.

"Anasema nini?" nikauliza.

"Alidhani ndilo jina langu, mama. Amelisikia kwa wenzetu kila siku. Anaomba radhi."

Kicheko kilikuwa kimekwisha. Nikasimama.

"Dullah. Nani alimfundisha?"

"Bi Chausiku, tuko kwa watu."

"Ndiyo, tuko kwa watu! Ulitukanwa mbele ya watu ukaombwa radhi mbele ya watu. Mchina kaomba radhi mara mbili, na neno la pili si lake. Wewe mwenye neno lako unangoja nini?"

"Usituchanganye! Rangi kaniumba nayo Mungu. Hilo lingine ni haramu, kila mtu anajua."

"Haramu! Ulipokuwa unachekesha watu kwenye sinia ulikuwa unatoa mawaidha? Hizo nembo za bandia ulizobandika kwenye raba zako umezisomea dua gani? Mwanangu umemwona wapi, na nani, anafanya nini? Sema! Humjui. Unamjua anapiga pasi shati. Na hata ungejua kitu, utani si watu wawili wacheke? Si wewe uliyesema? Mtazame. Anacheka?"

Dullah akatazama kandambili. Nikawatazama na wengine, waliokoma kununua kwa Chen kwa ajili ya neno moja. Bi Kazija akajifanya anamenya chungwa.

"Mama, twende," Haroun akasema. Akanishika mkono, hapo kwenye soko zima, mikokoteni inatupita, na hakuuachia mpaka barabara kubwa.

Mzigo wangu niliutoa kwenye kontena lao. Nilihangaika, sikatai, mpaka wakala mmoja Mkongo akanipa nafasi. Dullah akamtuma Bi Kazija: wamekwama kiwandani, hakuna anayewaelewa, Haroun aje, watu wayasahau. Nikamwambia akawaambie wajisemee. Midomo wanayo.

Jioni ile tulipotoka kwa Chen tulikula tambi kwenye kibanda cha Waislamu wa huko, sahani moja, sisi wawili. Sikumuuliza kitu, na sitamuuliza. Atakaponiambia atanikuta pale pale. Alikula mpaka akaongeza. Kisha akasema, "Ulisema mbele ya watu, mama."

"Nilichelewa."

Akazungusha vijiti. "Harbin bado sijajibu."

"Na Idi, utakuja nyumbani?"

"Idi nitakuja."

Ndiyo ahadi niliyoipata, na nimeishika. Nyinyi ambao wenu bado wanakaa kwenye sinia na kula kidogo kisha wanasema wana mtihani, inukeni sasa, mbele ya watu hao hao, kabla hamjaanza kuulizia nauli ya kwenda kwenye barafu.