Wanafunzi Waliofuata Mbuzi

Mimi sidanganyiki upesi. Muuza duka akinipimia sukari, macho yangu yako kwenye mizani, si kwenye tabasamu lake. Kwa hiyo Januari ile ya mwaka wa sabini na tano, matokeo ya mtihani wa darasa la saba yalipobandikwa nje ya ofisi ya elimu pale Lodwar, shule yetu ikiwa ya mwisho wilaya nzima na shule moja ya Kakuma ikiwa ya kwanza, nilisema palepale mbele ya watu: "Hawa wameiba!"

Mwalimu mkuu wetu, Barasa, akanivuta kando. "Madam Bilha, punguza sauti."

Nipunguze sauti kwa nini? Afisa wa elimu alituambia waziwazi kwamba tukiwa wa mwisho tena katika mtihani ujao, darasa letu la saba litafungwa. Mwalimu wa darasa hilo ni mimi. Na ndani yake alikuwamo Asekon, msichana mrefu, mzito wa hesabu, lakini akishalishika jambo haliachi. Alikuja mwaka uliopita kutoka Kakuma na wenzake kadhaa. Nilipouliza sababu nikaambiwa Kakuma hakuna bweni, basi. Mtihani ulimshinda, akaomba kurudia. Baba yake alikubali kwa mwaka mmoja tu. Akifeli tena, au darasa likifungwa, ataozwa.

Nikapanda lori la mahindi hadi Kakuma kumshika mwizi.

Mwalimu mkuu wa huko, Epuyo, alinikaribisha kwa chai ya maziwa na adabu nyingi mno. Adabu ile nayo niliitilia shaka. Nikaomba kuliona darasa lake la saba, nikaandika ubaoni hesabu ya sehemu, ngumu makusudi. Watoto wakaimaliza kabla sijakung'uta chaki mikononi, na mmoja akaniambia kwa heshima kwamba kuna njia fupi zaidi. Niliutafuta wizi, sikuuona, nikazidi kukasirika.

Ila kulikuwa na jambo moja. Darasa la sita lililopakana nao lilijaa hadi wengine wakaketi sakafuni, lakini hawa wa la saba kila mtu alikuwa na dawati lake.

"Wengine wako wapi?" nikamuuliza Epuyo.

"Wamefuata mbuzi, madam. Wazazi wa huku unawajua."

Wazazi niliwajua. Lakini mbuzi gani hao wanaochukua watoto wa darasa la saba peke yao, wakawaacha wa la sita?

Jioni nilishuka mto Tarach, ambako wanawake huchimba mchanga kutafuta maji. Mama mmoja akainuka kutoka kisimani.

"Ejok, mwalimu."

"Ejok."

"Wewe natoka Lodwar? Mimi Nawoi, mama ya Asekon. Mtoto iko mzima?"

"Mzima kabisa. Anasoma. Lakini kwa nini mlimtoa hapa karibu na nyumbani?"

"Si sisi natoa. Mwalimu Epuyo nasema peleka Lodwar, huko ndio iko kitabu mzuri. Naambia wazazi mingi hivyo, wale mtoto yao hapana jua hesabu."

Nilikaa chini kwenye mchanga na gauni langu la kanisani. Kumbe wa kwanza na wa mwisho tulikuwa shule moja iliyogawanywa. Epuyo alibaki na wepesi, sisi tukapokea wazito wake, kisha afisa akatupanga kwenye ubao mmoja kana kwamba tumeshindana.

Nilimrudia Epuyo, nikamwambia yote usoni. Hakukana.

"Afisa huhesabu waliofanya mtihani," akasema. "Hahesabu walioondoka. Wewe ungepeleka mbuzi aliyekonda mnadani?"

Nilimjibu kwa maneno ambayo mwalimu hapaswi kuyasema.

Nilirudi Lodwar na furaha ya mtu aliyeshinda kesi. Nikamweleza Barasa yote, nikingoja aruke kutoka kitini twende kwa afisa. Hakuruka. Aliniomba nirudie, polepole.

"Na afisa hakuuliza kitu?"

"Hakuuliza."

Barasa akavuta daftari la majina. "Shule ya Lokichar imeanzisha darasa la saba mwaka huu," akasema.

Nilidhani anabadilisha mazungumzo. Mimi, nisiyedanganyika, nilidhani hivyo.

Jumatatu asubuhi aliingia darasani mwangu akiwa ametabasamu. Akawaambia watoto kwamba baadhi yao wamepata bahati ya kuhamia Lokichar, shule mpya, walimu wapya. Kabla hajataja jina hata moja, Asekon alisimama. Akaanza kukusanya vitabu vyake bila haraka, kwa kuwa mambo haya alishayaona.

"Mwalimu," akamuuliza Barasa, "Lokichar nako iko kitabu mzuri?"

"Mzuri sana," Barasa akajibu.

Damu ilinipanda. "Asekon, keti!" nikapaza sauti. "Wewe ni wa darasa langu. Huendi popote!"

Hakuketi. Wala hakunitazama. Alisimama palepale, vitabu kifuani, akimtazama mwalimu mkuu, kwa maana alishajua ni nani huamua.