Jemu ya Babu

Mjukuu alipoona namba kwenye kipimo cha sukari, alikifuta kioo chake akaangalia tena. Kumi na saba! Jana mchana babu yake alikuwa na saba, tena akijisifu kama bwana harusi.

"Umekula nini, babu?"

"Mke wangu, hata salamu hunipi?" Mzee, fundi cherehani mstaafu, aliangalia dari ya wodi. "Tangu mlipokataza chakula usiku, sijatia kitu kinywani."

"Na kabla hatujakataza?"

Dari ikamvutia zaidi. Mjukuu akafungua droo ya kabati la kitandani. Kopo la jemu, tupu, kijiko bado kimo ndani.

Asubuhi hiyo mzee alikuwa afanyiwe upasuaji wa moyo. Mjukuu, aliyehitimu juzijuzi tu, alisaidia utafiti wa damu za wagonjwa kama babu yake, kabla na baada ya moyo kusimamishwa na kuamshwa tena. Ni yeye aliyemweleza babu kwa mbwembwe: moyo ukiamka, oksijeni hurudi kwa kishindo na kuzaa chembe kali zinazotafuna seli, na mwenye kisukari huzalisha nyingi zaidi.

"Sasa ningekuletea damu safi, ungeandika nini?" babu akanong'ona. "Nikaona nisikuangushe."

Mjukuu akacheka, ila machozi yalimtangulia. "Babu, chembe hizo hazili karatasi zangu. Zinakula moyo wako."

Mzee akajaribu kuifunga droo.

Daktari wa upasuaji akaja, akalitazama kopo, akamtazama mzee. "Tutamtundikia insulini. Sukari ikishuka hadi kumi kufikia mchana, tunaingia. La sivyo, wiki ijayo."

Wote watatu walijua moyo ule haukuwa na ahadi na wiki ijayo.

Mjukuu akaketi, akaushika mkono wa babu. Kila muuguzi alipomchoma kidole, mzee alijikaza.

"Fundi akikosea kukata suruali," alisema hatimaye, "hushona kaptula."

"Leo hatutaki kaptula, babu."

Kumi na nne. Kumi na moja. Tisa!

Kitanda kikaanza kusukumwa kuelekea chumba cha upasuaji, mjukuu akikimbia pembeni.

"Mke wangu, nikiamka na damu safi kama maji ya mvua?"

"Utakuwa umeniharibia utafiti."

"Utaninunia?"

"Mwaka mzima. Kwa hiyo uamke, uje unibembeleze."

Mlango ukafungwa. Ndani, mzee alisikika akicheka.