Jogoo Mweupe na Besi ya Magitaa Matatu

Hakuna uongo hapa, hata ule mdogo wa kukolezea chai. Mzee Zadock mwenyewe aliapa hivyo mbele ya bendi nzima ya kanisa: alilamba kidole, akakielekeza juu, akasema akipatikana ameongopa, jogoo wake mweupe ni wao, wamle na mifupa.

Besi aliyoishika ilifanana na mtu aliyevaa nguo za kuazima. Kiwiliwili kilikuwa cha gitaa la umeme lililovunjika, alilolipata Manyatta kwa bei ya sukari. Funguo za kukazia nyuzi alizing'oa kwenye gitaa jingine lenye ufa.

"Na nyuzi?" aliuliza Calvince, mpiga kinanda na kiongozi wa bendi.

"Ni kuukuu. Nilizichemsha kwa sufuria ya mama watoto, zikarudi ujana."

Wakacheka mpaka mpiga ngoma akashika ukuta. Hilo lilikuwa kweli tupu, na ndilo pekee ambalo hakuna aliyeliamini.

"Na shingo, Mzee?" Huyu alikuwa Mwalimu Nabututu wa shule ya Jumapili. Gitaa dogo la wanafunzi wake lilikuwa limetoweka kwenye stoo ya kanisa tangu Pasaka.

"Shingo niliiokota jaani Otonglo. Mbuzi alikuwa ameilalia. Tukavutana naye kuanzia saa nne mpaka adhuhuri, mwishowe nikamwachia kofia, naye akaniachia shingo."

"Mbuzi wa Otonglo?"

"Nenda umuulize. Kofia bado anayo."

Mwalimu aliguna. Calvince akasema sawa: Jumamosi watajaribu wimbo mmoja, na besi ikikaa vizuri, Mzee atapiga Jumapili. Zadock hakutaka kitu kingine duniani. Alipokuwa kijana alipiga besi kwenye harusi kutoka Ahero mpaka Bondo. Kisha ikaja kazi ya bandarini, watoto, kustaafu, na bendi isiyo na nafasi ya mzee asiye na chombo.

Nyumbani, shingo ilimsumbua. Ilikuwa fupi kwa nyuzi nene, kwa hivyo aliifunga mbele kidogo, inchi mbili nzima, akakaza skrubu. Tangu hapo kila kijichuma kilichokatiza shingo kuonyesha pa kubonyeza kikawa kinatoa sauti ya uongo. Akaving'oa vyote kwa koleo, akaziba mifereji kwa gundi na unga wa mbao. Sasa vidole vingetafuta sauti vyenyewe, kwa sikio. Ubavuni mwa shingo aliona nukta nyekundu ndogo ndogo. Akaziacha. Alidhani ni za kiwandani, akasahau kwamba nazo zilisogea pamoja na shingo.

Jumamosi alianza vizuri, macho yamefumbwa, mpaka Mama Dorca, mwimbaji wa sauti ya tatu, akatikisa mabega. Kisha Zadock akaingiwa na hofu. Akafumbua macho, akaangalia nukta, akazifuata.

"Mzee!" Calvince alisimamisha kinanda. "Sisi tuko ufunguo wa G, wewe umeshafika Maseno!"

"Sikosei mimi. Nafuata alama."

"Alama gani?" Mwalimu Nabututu aliinuka kwenye benchi.

"Hizi nyekundu. Za kiwandani."

Mwalimu alikuja taratibu, akainama juu ya shingo, akaweka kucha yake iliyopakwa rangi kando ya nukta ya kwanza. Wekundu ulikuwa mmoja.

"Kiwanda kiko chumbani kwangu," alisema. "Chupa haijaisha. Nilizipaka ili watoto wajue pa kushika."

Hakuna aliyecheka. Zadock aliangalia mlango, akaangalia besi.

"Gitaa lenu lilikuwa halina nyuzi, Mwalimu. Limekaa tu stooni."

"Na mbuzi?"

"Mbuzi... hakukuwa na mbuzi."

Calvince alikuna kichwa. Kwa dakika chache alizofumba macho, ile besi ilikuwa imeimba, na wote walisikia. Mwalimu ndiye aliyeamua. Jogoo aletwe. Besi ibaki kanisani, na kila Jumamosi Mzee afundishe watoto, maana gitaa lao ndilo hilo. Kesho apige. Kisha akatoa chupa ya rangi ya kucha mkobani.

"Onyesha sauti ilipo."

Zadock akabonyeza, akasikiliza. "Hapa."

"Kweli?"

"Kweli."

Mwalimu akapaka nukta mpya.

Jumapili baada ya ibada, Zadock alikaa nyuma ya jiko la kanisa akimnyonyoa jogoo kwenye karai la maji moto. Calvince alipita akisifu ukubwa wa mapaja.

"Huyu?" Zadock alijibu, mkono umejaa manyoya. "Huyu alivuka ziwa kutoka Rusinga akiwa juu ya mgongo wa kibo..."

"Mzee," alisema Mwalimu Nabututu kutoka dirishani.

Zadock akaendelea kunyonyoa.