Ubongo Usio na Rangi

Chuoni walimwita Mjomba, maana aliwazidi wenzake umri kwa miaka ishirini na ushei. Alikuwa dereva wa ambulensi kabla ya kuanza masomo ya utabibu, na kwa kujiamini, jamani, hakuwa na mpinzani. Chumba cha kompyuta kilikuwa uwanja wake. Ule ubongo wa kwenye skrini aliuzungusha kwa kidole, akaumenya tabaka kwa tabaka, akataja kila sehemu kabla jina halijajitokeza. Vijana wakimtania, anawajibu, "Utu uzima dawa, wanangu. Kaeni mjifunze."

Basi siku ya mtihani wa vitendo akaingia maabara kifua mbele. Mezani palikuwa na beseni, na ndani yake ubongo wa kweli uliohifadhiwa kwa dawa, umechomekwa pini kumi, kila moja kwenye sehemu ya kutajwa. Mjomba akatazama. Akatazama tena. Lo! Kitu kizima kilikuwa cha rangi moja, rangi ya karatasi kuukuu.

"Ile zambarau iko wapi?" maneno yakamponyoka.

Mwalimu wa anatomia, mama asiyecheka ovyo, akavua miwani. "Zambarau gani, baba?"

Hapo ndipo Mjomba alipong'amua kosa lake. Hakujifunza ubongo, alijifunza rangi. Kwenye skrini sehemu ya kumbukumbu ni njano, ya kuona ni kijani, ya mizani ya mwili ni zambarau. Alipata mbili kwa kumi, na hizo mbili alibahatisha. Akapewa wiki mbili arudie. Akishindwa tena, kwaheri utabibu, arudi kwenye usukani.

Nyumbani alifika amenywea. Mkewe, fundi cherehani asiyependa watu wa kujiliza, alimsikiliza mpaka mwisho huku akikunja upindo wa sketi. "Sasa, Baba Pacha, hiyo mashine haina mahali pa kuzima rangi?"

"Sijawahi kutafuta."

"Tafuta basi. Unanitolea macho kana kwamba mimi ndiye niliyeipaka?"

Mahali palikuwepo. Akafungua programu ileile kwenye tableti yake, akabonyeza, ubongo wote ukawa kijivu, majina nayo yakafutika. Kila jioni mkewe akawa anachukua tableti, anaupindua ubongo anavyotaka, mara kichwa chini, mara kisogo mbele, kisha anagusa: "Hapa?"

Siku tatu za kwanza ilikuwa aibu tupu. Ya nne Mjomba akajipiga paji la uso, akacheka. Mitaa mingapi ameingiza gari, isiyo na kibao wala namba ya nyumba? Mtu anapiga simu, anakwambia pita kisima, kata kulia kwenye mashine ya kusaga, nyumba ya pili. Na anafika.

"Mama Pacha, kumbe huu nao ni mtaa!"

Tangu hapo hakukimbilia jina. Alitafuta kwanza ule mfereji mkubwa unaoupasua ubongo pembeni, akajua chini yake ni upande wa panja, juu yake ndipo uso na mikono vinapoendeshwa, kisha akaenda nyumba kwa nyumba. Mkewe alimtega mpaka mke mwenyewe akachoka.

Siku ya marudio aliingia bila madaha na bila hofu. Beseni lilikuwa lingine. Pini saba akazimaliza vizuri. Ya nane ikamsimamisha. Ilikuwa imechomekwa shimoni: upande wa kushoto, mbele, nyama imenyauka, pamebaki bonde. Ubongo wa kwenye kompyuta ni mzima siku zote, na shimo hakuwahi kufundishwa.

Mwalimu akatazama saa.

Mjomba akarudi kwenye mfereji, akaanza njia upya, polepole. "Hapa ndipo pa kutamka maneno," akasema. "Huyu alipata kiharusi. Alikuwa anaelewa anachoambiwa, ila maneno hayamtoki."

"Umejuaje, na sehemu yenyewe haipo?"

"Majirani zake wapo, mwalimu. Nimewauliza."

Mwalimu akaandika. "Taja hizo mbili zilizobaki, halafu nenda ukajiandikishe mwaka wa pili."

Akazitaja. Furaha ikamjaa. Alipogeuka kutoka, mwalimu akasema kwa sauti ya chini, "Huyo wa kwenye beseni alinifundisha mimi, kwenye chumba hikihiki. Miaka minne ya mwisho hakutamka neno. Lakini wosia aliuacha mapema, kwamba akifa aletwe hapa aendelee na kazi."

Mjomba akarudi mezani, akainama mbele ya beseni.

"Shikamoo, mwalimu," akasema, na machozi yakamtoka waziwazi.