Mwaka Ulioandikwa kwa Wino Mweusi

Barua ilifika Ijumaa. Kufikia Jumapili asubuhi Wubit alikuwa ameisoma mara zisizo na hesabu, na kila alipoimaliza damu ilimchemka upya. Ilikuwa ya kurasa mbili, imeandikwa kwa adabu ile ya watu wasiokujua na wasiotaka kukujua. Ilisema kwamba kwa mujibu wa kumbukumbu zilizopo, Bi Wubit alifunga ndoa na Tilaye tarehe 20 Januari 2014, ilhali mahakama ilikuwa haijavunja ndoa yake ya kwanza na Mesfin hadi mwaka 2018. Kwa hiyo ndoa ya pili haikuwa ndoa. Ombi lake la kumleta Tilaye Marekani lingekataliwa, isipokuwa afike mwenyewe ofisini tarehe kumi na moja Februari na kujieleza.

Yaani alikuwa mwanamke wa waume wawili. Serikali ndiyo iliyosema, tena kwa karatasi yenye nembo.

Mwaka wenyewe haukumsumbua kichwa hata dakika moja. Alipouona tu alijua umetoka wapi. Januari ile alipofunga ndoa kule Gondar, Ethiopia, siku ya pili ya sherehe za ubatizo wa Kristo, mji mzima ukiwa bado umevaa nyeupe, Wahabeshi walikuwa katika mwaka wao wa 2014, na dunia nyingine yote ilikuwa katika 2022. Cheti cha kanisa kilisema 2014 kwa sababu kanisa linahesabu hivyo tangu enzi na enzi. Kazi ya mfasiri ilikuwa kuugeuza mwaka huo uwe wa Kizungu. Na mfasiri alikuwa Gashe Kifle, basi hakukuwa na haja ya kutafuta mchawi.

Hasira yake haikuwa ya aibu peke yake. Wubit alikuwa na miaka thelathini na tisa alipoolewa na Tilaye, na siku hiyo ya barua alikuwa na arobaini na miwili. Miezi thelathini na mmoja alikuwa amekaa ndani ya kibanda cha vioo kwenye maegesho ya uwanja wa ndege, akipokea tiketi za magari ya watu waliotoka kupokea wake zao na waume zao, huku yeye akingoja wake. Tilaye alifundisha kemia Gondar, kwenye mji ambao mtandao hukatwa wiki nzima na barabara hufungwa bila taarifa. Walitaka mtoto. Daktari alimweleza Wubit bila kuzunguka kwamba jambo hilo halingoji ofisi ya mtu. Alikwenda mara mbili kwa likizo fupi, akarudi mara mbili mikono mitupu, na baada ya hapo vita vikamfungia njia. Kila mwezi uliopita ulikuwa umeng'olewa kwenye mwili wake mwenyewe, na hakuna aliyekuwa tayari kumwambia nani kaung'oa.

Sasa alikuwa na jina.

Jumapili ile, baada ya ibada, watu waliteremka kwenye ukumbi wa chini wa kanisa lao la Silver Spring kula mkate na kunywa kahawa kama kawaida. Gashe Kifle alikuwa meza ya pembeni, mzee wa miaka sabini na ushee, suti ileile ya kahawia, akimjazia mtu fomu. Zamani alikuwa karani wa mahakama. Duka lake dogo liliuza viungo na unga wa teff, nafaka ya kwao, lakini watu wengi walimwendea kwa ajili ya karatasi: vyeti vya kuzaliwa, vya shule, vya ndoa. Wote walimwita Gashe, kama mtu anavyomwita kaka yake mkubwa. Nusu ya waliokuwa ukumbini waliwapata jamaa zao kwa kalamu yake.

Wubit hakumsalimia. Alisimama mbele ya meza na barua mkononi.

"Gashe, leo nimekuletea sifa zako," alisema. "Umeniandika malaya wa waume wawili. Soma mwenyewe, au macho nayo yamekwisha?"

Mzee aliisoma taratibu, akaiweka chini. Akasema kwa sauti ndogo kwamba yeye aliandika 2022, anakumbuka, maana tarehe za watu huzikagua mara tatu, na nakala iko dukani. Akamwomba waende pamoja akaione, ni hatua chache tu.

"Siendi popote na wewe. Nikuachie tena karatasi yangu uikoroge? Umezeeka, Gashe. Mtu akizeeka anaweka kalamu chini, haendelei kuua ndoa za watu."

Alisema hayo kwa sauti ya mtu anayeita basi. Mama mmoja akamshika mkono, Wubit akauchomoa. Mtu aliyekuwa akijaziwa fomu aliivuta polepole kutoka mbele ya mzee na kuikunja mfukoni. Gashe Kifle aliona. Alifunga kalamu yake.

Wiki tatu zilizofuata Wubit alijiandaa kwa vita. Alitafuta mfasiri mwingine Virginia, kijana mwenye muhuri na ofisi yenye zulia. Alichukua barua ya padri inayoeleza kwamba kalenda ya Ethiopia iko nyuma kwa miaka saba au minane, kutegemea mwezi. Alitafuta tiketi ya ndege, picha za harusi zenye tarehe nyuma, hata risiti ya mshona nguo. Huku kanisani habari zilitembea. Watu walianza kupeleka karatasi zao Virginia, na meza ya pembeni ikabaki na mzee na kikombe chake. Wubit aliliona hilo na, niseme ukweli, lilimfurahisha. Alimwambia Tilaye kwenye simu, dakika chache mtandao uliporudi, kwamba mzee yule hatarudia. Tilaye alimuuliza kama alikwenda kuitazama nakala. Wubit akamjibu kwamba hana muda wa kuchezewa, na simu ikakatika.

Tarehe kumi na moja alifika ofisini saa moja na nusu asubuhi, ingawa miadi ilikuwa saa tatu. Afisa aliyemwita alikuwa mwanamke wa makamo, Bi Prewitt, mwenye sweta la kijivu na macho yaliyochoka. Juu ya meza yake kulikuwa na faili la Wubit. Lilikuwa nene kidogo tu, lakini jalada lake lilikuwa limebandikwa vibandiko vinne vya rangi tofauti, kimoja juu ya kingine. Wubit aliapa kusema ukweli, akaketi, akamwaga vielelezo vyake vyote mezani na kuanza kueleza habari ya kalenda. Alieleza vizuri. Alikuwa ameyasema maneno yale mbele ya kioo.

Bi Prewitt alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akaichukua tafsiri mpya kutoka Virginia, akafungua faili, akatoa karatasi nyingine na kuziweka sambamba.

"Hii uliyoleta leo ni sawa na hii ambayo tayari tunayo," alisema. "Zote mbili zinasema 2022."

Wubit aliitazama karatasi ya zamani. Chini kulikuwa na sahihi ya Gashe Kifle, yenye mkia mrefu wa kikarani, na juu ya sahihi tarehe 20 Januari 2022.

"Basi 2014 mmeitoa wapi?"

Afisa akafunua ukurasa mwingine na kuugeuza umwelekee. Ilikuwa fomu ya ombi lenyewe, imejazwa kwa mkono, kwa wino mweusi kama maelekezo yalivyotaka. Wubit aliutambua mwandiko kabla hajasoma kitu. Nne ile iliyoachwa wazi juu alifundishwa na mama yake. Alikumbuka hata meza aliyoijazia: cheti cha kanisa kikiwa mbele yake, siku na mwezi akivitoa kichwani kwa kuwa alivikumbuka kutoka kwenye tiketi ya ndege, na mwaka akiunakili kutoka kwenye cheti bila kufikiri, maana ndio mwaka alioolewa. Kwa mama yake, kwa padri, kwa Tilaye, aliolewa 2014. Tarehe nyingine zote kwenye fomu alikuwa amezigeuza. Ile moja aliiandika jinsi alivyoiishi.

Hasira aliyokuja nayo haikuwa tena na pa kwenda. Aliisogeza fomu hadi ikagusana na ile tafsiri ya zamani.

"Karatasi hizi mbili zimekaa ndani ya faili hili pamoja tangu lini?"

"Tangu Juni 2022."

"Na nani alizisoma?"

Bi Prewitt hakuficha. Labda alichoka kuficha. Alieleza kwamba ombi likifika linafunguliwa, linapewa namba, linawekwa rafu. Halina mtu. Linakuwa na mtu siku linapogawiwa afisa. La kwake lilikaa kituo cha kwanza miezi kumi na mmoja, kituo kikaelemewa, likahamishiwa cha pili, kisha cha tatu, kisha hapa. Kila likihama linaingia mwisho wa foleni mpya. Aligawiwa yeye tarehe tatu Desemba.

"Ukalisoma kwa muda gani?"

"Kama dakika arobaini."

Wubit aliweka viganja vyote viwili juu ya meza.

"Nilikosea," alisema. "Andika kwamba nilikosea, nitatia sahihi. Lakini kosa langu ni la tarakimu mbili, na jibu lake lilikuwa ukurasa wa pili. Mmelifungia pamoja na jibu lake, mkalizungusha nchi nzima, na hakuna hata mmoja aliyefunua. Mlipofunua, hamkuniuliza. Mliniita mke wa wanaume wawili. Nilikuwa na miaka thelathini na tisa, mama. Unajua nilikuwa nataka nini na miaka hiyo?"

Bi Prewitt alisema anaelewa. Wubit akamwambia haelewi. Afisa alimpa kalamu, akamwonyesha pa kukata mstari, pa kuandika mwaka sahihi na pa kuweka herufi za jina lake. Haikuchukua dakika mbili. Ombi lingekubaliwa, alisema, kisha lingepelekwa kituo cha viza, na kutoka hapo ubalozini Addis Ababa. Alipoulizwa itachukua muda gani alisema mwaka, pengine na zaidi. Foleni ni mpya.

Jumapili Wubit aliteremka ukumbini. Gashe Kifle alikuwa kwenye meza yake, peke yake. Wubit aliinama karibu na sikio lake na kumwambia kwamba ameiona tafsiri, ilikuwa sahihi, kosa lilikuwa lake mwenyewe, na anaomba msamaha.

Mzee alikoroga kahawa yake.

"Siku ile hukuninong'oneza, mwanangu," alisema. "Hata waliokuwa nje wakiegesha magari walikusikia."

Uso ulimwaka moto. Alinyooka, akageukia ukumbi, na kwa sauti ileile ya kuita basi alisema kwamba mwaka uliokosewa aliuandika yeye Wubit, kwa mkono wake, na kwamba Gashe Kifle aliandika sahihi, na akamwita waende akaone, naye akakataa. Watu waliacha kutafuna. Alirudia tena kwa ajili ya meza za nyuma, na safari hii sauti ilimkatika katikati.

Gashe Kifle hakusema amemsamehe. Aliuliza habari za Tilaye. Wubit akamwambia wamekubali, sasa ni ubalozi, mwaka mmoja au zaidi, na aliposema hivyo akaona mzee anapiga hesabu ya umri wake kimyakimya, kisha anaangalia pembeni.

"Fomu za ubalozi ni nyingi kuliko zile," alisema hatimaye. "Niletee kesho. Tutazijaza siku hiyohiyo, zipelekwe. Wakichelewesha, wacheleweshe wao."

Wubit aliondoka bila kunywa kahawa. Alikuwa bado na hasira, na nyingi yake ilikuwa halali. Jumatatu, kabla zamu yake haijaanza, alikuwa mlangoni pa duka la Gashe Kifle na bahasha kifuani, akingoja mzee aje na funguo.