Risasi za Risasi

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, alitoka kwa daktari wa meno akiwa na shavu la kushoto kama lililoficha yai la bata, na mdomo umejaa pamba. Jino halina adabu ya kuchagua siku: lilikuwa limemuanza siku ileile aliyopanga kwenda kununua risasi, na yeye si mtu wa kuahirisha jambo. Ndipo nilipojitolea kuwa msemaji wake. Kufundisha Kiswahili ndiyo kazi yangu, na niliona kwamba katika mtaa ule mzima hakuna aliyestahili heshima hiyo kuliko mimi. Hakuna aliyenibishia, maana mwenye haki ya kunibishia hakuweza kusema.

Jambo lenyewe halikuwa la mzaha. Nyati dume, aliyefukuzwa na kundi lake, alikuwa ameyageuza mashamba ya wakwe zangu kuwa malisho yake, na juzi alikuwa amemvunja jirani mbavu. Idara ya wanyamapori ilimpa shemeji kibali cha kumuua nyati huyo, kwa bunduki aliyoachiwa na marehemu baba yao: ya mitutu miwili iliyolala ubavu kwa ubavu, kuukuu, chuma chake chembamba na laini. Risasi dhaifu ingemkasirisha nyati tu. Risasi ngumu kupita kiasi ingeweza kuiharibu mitutu, na chini ya mitutu hiyo ndipo shemeji hushika kwa mkono wake wa kushoto.

Duka lilikuwa la vifaa vya uwindaji na uvuvi, na mwenye duka alikuwa mwanamke wa sauti nene, ambaye wateja walimwita Mama Baruti. Alikisoma kibali, akaikunja bunduki katikati, akaielekeza dirishani na kuchungulia ndani ya mitutu.

"Ya siku nyingi hii," alisema. "Haya kaka, nikupe risasi gani?"

"Rithathi tha rithathi," alijibu shemeji.

"Anasemaje?"

"Anasema risasi," nilifafanua. "Amerudia neno kwa sababu ya ganzi."

Mama Baruti akaweka boksi juu ya kaunta. Zilizokuwa ndani ziling'aa kama vito. "Wengi siku hizi wanachukua hizi. Shaba tupu, ngumu mwanzo mwisho. Lakini sijui kama mitutu ya zamani hivi itaziweza. Hebu muulize alikuwa akitumia zipi."

Mtu mwenye busara angeuliza. Mimi nilitoa methali.

"Dawa ya moto ni moto, Mama. Nyati ni mgumu, basi tupe ngumu."

Shemeji akaipiga kaunta kwa kiganja. "Thiyo! Rithathi! *Tha* rithathi!"

"Maumivu hayo," nilimnong'oneza Mama Baruti.

Shemeji alininyang'anya kalamu mfukoni, akararua kipande cha boksi tupu na kuandika kwa herufi kubwa: RISASI ZA RISASI. Akanisukumia. Hapa ningeomba msomaji anihurumie, kwani mkono wangu ulitenda kabla ya akili. Niliichukua kalamu yangu, nikayakata maneno mawili ya mwisho kwa mstari ulionyooka vizuri sana, na pembeni nikaandika: "Takriri."

"Neno moja linatosha, shemeji," nilimwambia kwa upole.

Alinitazama kama aliyeanza kufikiria kwamba nyati angeweza kusubiri. Kisha akaenda upande wa vifaa vya uvuvi, akachukua chubwi la kuzamishia wavu, akanibamizia kiganjani. Lilikuwa dogo, la kijivu, zito kuliko umbo lake. Akalikandamiza kwa ukucha, na ukucha ukaacha alama.

"Rithathi," alisema, akilinyooshea kidole. Kisha akaionyesha bunduki. "*Tha* rithathi."

Kila mwaka huwafundisha wanafunzi wangu kwamba neno "risasi" lina maana mbili: kitu kirukacho kutoka katika bunduki, na madini laini ya kijivu, mazito. Kila mwaka huwanyima alama wanaokumbuka moja tu.

"Anataka zenye madini ya risasi ndani," nilisema, sauti yangu ikiwa imepungua kimo. "Zile laini."

Mama Baruti alicheka hadi akashika kaunta. "Sasa si ndicho alichosema tangu anaingia! Nakuuliza kuhusu mitutu, Mwalimu, unanipa methali!"

Aliziondoa za shaba, akaleta nyingine zenye kiini cha madini ya risasi na gamba jembamba la shaba, ambazo zingepita bila kuisumbua mitutu na bado zikapenya hadi moyoni mwa nyati. Kisha akaigeuza bunduki na kusoma uzito wa risasi uliochongwa chini ya mitutu.

"Huu nao haubadilishwi," alisema. "Mitutu hii ililinganishwa ikutanishe risasi mahali pamoja. Ukiipa uzito mwingine, kila mmoja unashika njia yake, kama ndugu waliogombania urithi."

Nilitaka kutoa muhtasari. Niliumeza.

Nyuma ya duka palikuwa na ukuta mnene wa udongo na ubao wa kujaribia. Shemeji alinielekeza kwa kidole nisimame nyuma yake, mbali, kisha akanielekeza tena, mbali zaidi. Akaegemeza bunduki kwenye shavu zima, akafyatua mtutu wa kulia, akafyatua wa kushoto. Aliipapasa mitutu yote kwa vidole, taratibu, akitafuta uvimbe. Hakuukuta, akashusha pumzi. Matundu mawili ubaoni yangeweza kufunikwa na kiganja kimoja, nami niliyafunika kwa kiganja changu, nikijipa kazi.

Shemeji akanipiga mgongoni, akamgeukia Mama Baruti na kumwaga hotuba ndefu kupitia pamba, akininyooshea kidole. Niliambulia "dada yangu", kisha "aliolewa", kisha hakuna. Mama Baruti alicheka hadi machozi yakamtoka.

"Anasemaje?" niliuliza.

"Ah, Mwalimu," alinijibu, akijifuta kwa pindo la kanga, "haya mengine tuachie sisi tulioelewa."