Kiwanja Namba 73939133

Siku ya kuanua tanga, Jovina akiwa bado anasuuza masufuria ya msiba, shemeji zake walianza kupima kiwanja. Walikuwa saba, ndugu wa tumbo moja na marehemu mumewe, Apolinari, wote wametoka Bukoba kwa basi moja. Mkubwa wao, Erasmus, ndiye aliyeshika kamba.

"Shemeji, hukuzaa na ndugu yetu," alimwambia kwa upole kabisa. "Hapa huna chako."

Tofali za nyumba ile Jovina alizifyatua kwa mikono yake, hapohapo Kibamba, Apolinari akiwa safarini. Hakuna aliyemuuliza habari hiyo.

Walichomeka vigingi, wakaingia ndani kunywa chai. Walipotoka, vigingi vyote vilikuwa vimejikusanya mlangoni kwa Jovina kama wapangaji wanaosubiri maji. Wakavirudisha, vikarudi tena. Jirani, Mwalimu Tupokigwe, anayefundisha hesabu sekondari, akasema kutoka upande wa pili wa ua:

"Mnajisumbua bure. Someni jiwe la mpaka. Hiyo 73939133 ni namba tasa. Haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe."

"Kwa yenyewe ndiyo kusemaje, mwalimu?" aliuliza Erasmus.

"Mpate warithi milioni sabini na tatu na ushee. Nchi nzima hatufiki."

Jovina alicheka, mara ya kwanza tangu msiba. Kiwanja kikigoma, atabaki na nyumba yake.

Lakini Erasmus ni fundi wa marumaru, na kitu kigumu hakimtishi. Alichukua tindo na nyundo, akaing'oa tarakimu ya mwisho. Ikabaki 7393913. Vigingi vikarudi mlangoni. Akang'oa nyingine, na nyingine, mwalimu akipiga hesabu ukutani kwa chaki, na kila mara jibu likawa lilelile: tasa. Namba ile ukiikata mkia inabaki ngumu vilevile. Ilipofika 73, mwalimu akaweka chaki chini.

"Kaka, ishia hapo. Nakuomba."

"Kwani mbele kuna nini?"

Mwalimu alimtazama Jovina. Erasmus akageuka, akawatazama ndugu zake mmoja mmoja, midomo ikimcheza. Akajihesabu na yeye. Kisha akaing'oa ile 3.

Saba nayo ni tasa. Inagawanyika kwa moja, na kwa yenyewe. Safari hii vigingi vilitembea, kila kimoja kikasimama mahali pake, na ardhi ikajichora mistari iliyonyooka bila ubishi. Jiko likaangukia kwa Erasmus. Inauma kusema, lakini mgawo ulikuwa wa haki mpaka sentimita ya mwisho.

"Mwalimu," Jovina aliuliza, "na saba kwa nane?"

"Haigawanyiki, dada'angu."

Jovina akakunja godoro. Erasmus, ambaye si mtu mkatili, alimbebea mpaka kwenye bajaji, kisha akarudi mbio kumletea ndoo aliyokuwa ameisahau.